Mchanga wa Shela kwa Kijiko

Nyumbani kwa bibi, Mkomani, jiko liko darini, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mawe za Lamu. Unapanda ngazi nyembamba mpaka unatokea chini ya paa la makuti, na huko juu kuna upepo, kuna mbuzi ya kukunia nazi, kuna majiko mawili ya makaa na mtungi wa maji. Moshi unajiendea zake bila kuwasumbua waliolala chini. Darini hapo ndipo nilipoumwagia jivu mkate wa mayai wa kwanza niliouoka kwa mikono yangu, nikiwa na miaka 11, na ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile kucheka hakukuwa bure.

Mkate wa mayai hauna mambo mengi, na huo ndio mtihani wake. Mayai sita, kikombe cha sukari, kikombe cha unga wa ngano, iliki. Bibi hakutia hamira wala bekingi pauda. Kinachouinua ni hewa peke yake, ile unayoiingiza kwa mchapo ukipiga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, hata ukiinua mchapo ule uzi unaodondoka ukae juu ya povu usizame. Nilipiga mpaka bega likaniuma. Nikachanganya unga taratibu kwa mwiko kama nilivyofunzwa, nikamimina kwenye sufuria iliyopakwa samli. Hatukuwa na oveni. Sufuria ilikaa juu ya jiko lenye makaa machache, ikafunikwa kwa sinia la bati, na juu ya sinia yakapangwa makaa mengine.

"Moto wa yuu na wa tini," bibi aliniambia akienda kuswali alasiri. "Na wa yuu uwe mwingi. Usifunue."

Nikafunua. Harufu ya iliki ilikuwa imejaa dari zima na sikuweza kujizuia. Nilishika sinia kwa kitambaa, upande mmoja ukaelemea, makaa yakateleza, jivu likamiminika ndani. Nilipolipuliza niliuona mkate umeumuka mpaka ukingoni mwa sufuria, mzuri kuliko nilivyotarajia, na papo hapo ukaanza kushuka. Ulishuka katikati polepole kama kitanda cha kamba kilicholegea, na mimi nimesimama na sinia mkononi.

Siku hizi najua kilichotokea. Hewa iliyofungwa ndani ya povu la mayai hutanuka kwa joto, ndiyo maana mkate hupanda, lakini zile kuta za povu huchukua muda kuiva na kushikamana. Ukiuondolea moto kabla hazijashikamana, hewa inanywea na kuta zinaifuata. Ukishaiva hata ukifunua hauna neno. Ni dakika zile za katikati tu ambazo hazitaki kuchunguliwa.

Bibi alipopanda akaitazama sufuria, akanitazama mimi na jivu usoni, akacheka. Alicheka mpaka akaikalia mbuzi. Mimi nikaanza kulia. Hapo akajifuta macho kwa upindo wa leso, akanivuta karibu, akasema, "Basi, mwanangu. Nimecheka, sasa yanipasa nilipe."

Malipo yenyewe yalikuwa hadithi. Bibi alizaliwa Siu, kule kisiwani Pate, na alipokuwa mwari kwao walioka mikate ya mofa kwa unga wa mtama. Mkate wa mofa hubandikwa kwa ndani kwenye ukuta wa tanuri la udongo, na ukuta huo lazima kwanza ushibe moto. Siku hiyo walikuja wageni kumposea dada yake. Bibi akaachiwa tanuri, akaona wageni wameshakaa, akabandika mikate kabla ukuta haujakolea. Unga haukushika. Ikaanza kudondoka jivuni mmoja mmoja, na bibi aliniigizia mlio wake, pu, kisha kimya, kisha pu, yeye akiwa ameinamia mdomo wa tanuri akihesabu. Barazani wanaambiwa mikate yaja, yaja. Wageni wakala tende na kahawa mpaka magharibi. Alipofika kwenye mkate wa nane nilikuwa nimesahau kilio changu. Kisha akachukua kisu, akaukwangua mkate wangu jivu, akakata kipande cha pembeni palipokuwa hapakuanguka, akala chote.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya dari lile. Anayecheka mkate wa mwenziwe hulipa. Analipa kwa kusimulia ulioharibika wake, wa kweli, na ataje kosa lilikuwa wapi. Tena lazima ale kipande cha huo anaoucheka. Ukishindwa moja katika hayo mawili, funga mdomo wako.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa nahodha wa jahazi na hakuwahi kuoka chochote nchi kavu. Alipopanda jioni hiyo akaona kile kitanda cha kamba na akaguna kwa kicheko, bibi akamwambia, "Na wewe ulipe." Akafikiri sana. Mwisho akatoa ya baharini. Jahazini hupikwa juu ya sanduku la mchanga, moto unawashwa mle mle, na wao walikuwa wametia nanga wakingoja maji yajae. Akasema atawapikia mabaharia mkate wa kuchoma. Akaona maji ya kunywa yamebaki machache na chumvi imekwisha, akajiambia bahari yote hii ina maji na ina chumvi, shida ya nini. Akakanda unga kwa maji ya bahari matupu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35, nami nakwambia ni nyingi kuliko unavyodhani. Alisema walikula tonge moja kila mtu, kisha wakamaliza yale maji ya kunywa aliyotaka kuyaokoa. Bibi alicheka upya, na kwa kuwa amecheka upya ikabidi alipe upya, na hivyo usiku uliingia tukiwa bado darini.

Hadithi ya ami iliniokoa miaka mingi baadaye. Maji ya mji wetu yanatoka katika visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na kuna miezi ya kiangazi ambapo ulimi unaonja chumvi ndani yake. Watu wa chai wanalijua hilo. Mimi nilikanda mikate wiki nzima nikitia chumvi ile ile ya siku zote, mikate ikawa inachelewa kuumuka na ladha yake ya kufa mtu, na nilipokuwa namlaumu muuza hamira nikamkumbuka ami na sanduku lake la mchanga. Nikayaonja maji. Nikaacha kutia chumvi. Basi. Sikufungua kitabu chochote.

Ninapolitazama jambo hili naona karibu kila ninachokijua kuhusu kuoka kilinijia kwa njia hiyo, kimebebwa na kicheko cha mtu. Ya hamira nimeichukua kwa mama. Mama alilipa kwa mkate wa sinia, mwaka ambao mwezi wa Ramadhani ulimkuta na mimba yangu na uvivu wake. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu usiku, akausaga na tui na iliki na sukari, lakini alichelewa, na akaona akitia tui la moto mkate utaumuka haraka. Tui lilikuwa limetoka jikoni sasa hivi. Akalimimina juu ya hamira. Kufika kufuturu mkate ulikuwa kama kifuniko cha mtungi, na baba, ambaye hakujua sheria ya kwa mkwewe, akagonga meza nao. Hamira ni kitu chenye uhai. Inapenda uvuguvugu wa nyuzi 35 hivi, na ikifika 60 imekufa, na ikifa haifufuki hata uingoje mpaka daku. Mama alinifundisha kutia kidole kidogo ndani ya tui na kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa. Kidole kikivumilia, hamira itavumilia. Hiyo kumi nimeihesabu maisha yangu yote, na kila nikiihesabu namwona baba akigonga meza.

Ya vifuu sina haja ya kuirefusha: vifuu vya nazi vinawaka kwa ukali na kuzimika upesi, ukiviweka chini ya sufuria utapata mkate mweusi chini na mbichi katikati. Shangazi alilipa hiyo.

Kisha nikaolewa, nikahamia Langoni. Ni mwendo wa dakika chache kutoka Mkomani, lakini kwangu ilikuwa nchi nyingine. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ni mwoka keki ambaye watu humwagizia za harusi, na jikoni mwake mna oveni ya umeme yenye mlango wa kioo. Wasemao vyaelea vimeundwa wangeniambia na yeye alijifunza mahali. Mimi nilikuwa naviona vinaelea tu. Nyumba ile ilikuwa ya upole, watu wa adabu, hakuna aliyenisema kwa lolote, na upole huo ulinitisha kuliko ukali.

Keki yangu ya kwanza pale ilitoka nzito na fupi kama tofali. Mavyaa alikuwa ametoka kwenda kwenye maziko. Niliizungushia gazeti, nikashuka nayo uchochoroni, nikamlisha punda aliyekuwa amefungwa ukutani. Nikaosha sufuria, nikafungua madirisha harufu itoke. Juma lililofuata nikajaribu tena, tofali. Nikadhani ni mayai, nikabadilisha duka. Tofali. Nikadhani ni oveni, nikazidisha moto, ikapasuka juu na ndani ikabaki vile vile. Siku moja stima ilipotea keki ikiwa katikati, nami nikafurahi, Mungu anisamehe, maana nilipata cha kusingizia. Punda yule alinizoea. Akisikia mlango alikuwa anageuza kichwa.

Nilivyoificha sikujifunza kitu. Nataka nilisisitize hili kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Keki nne nilizila hasara peke yangu, kila moja na woga wake, na baada ya nne sikujua zaidi ya nilivyojua baada ya ya kwanza. Mkate wangu wa jivu ulinipa mafunzo matatu jioni moja.

Kilichonifichua ni mtoto wa jirani, wa miaka sita au saba. Alikuja mlangoni alasiri, mavyaa amekaa dakani anachambua mchele, akauliza kwa sauti ya kuita sokoni, "Leo hakuna keki ya punda?"

Mavyaa akainua uso. "Keki ya nini?"

"Ya punda. Yule hunipa na mimi kidogo kabla hajampa."

Hiyo ilikuwa kweli, nilikuwa nimempa ule ukoko wa pembeni ili anyamaze. Nilitamani ukuta unimeze. Nikaketi chini, nikamweleza mavyaa yote, gazeti, punda, duka la mayai, na stima. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya ungo. Nilipofika kwenye punda kugeuza kichwa alishindwa, akacheka mpaka mchele ukamwagika, na mimi, sijui ulimi ulinitokaje, nikamwambia, "Mama, kwetu anayecheka hulipa."

Akataka kujua maana yake. Nikamwelezea. Akanyamaza kitambo, akakusanya punje moja moja, kisha akalipa.

Alipokuwa bibi harusi wa miezi mitatu alioka keki akakosa bekingi pauda, akatumia bekingi soda kwa kipimo kile kile. Bekingi soda ina nguvu mara tatu au zaidi, na inahitaji kitu kichachu cha kupambana nacho, maziwa ya mgando au ndimu. Isipokipata inabaki na ladha ya sabuni. Keki yake haikuwa na mgando wala ndimu. Akaipeleka kwa mavyaa wake, naye kwa heshima akala kipande chote, akasema ahsante mwanangu, Mungu akupe maisha marefu. "Nikadhani imempendeza," alisema. "Nikampelekea kila Ijumaa. Karibu mwaka." Siku alipoonja mwenyewe, kwa bahati, alitema. Akaenda kumwangukia miguuni, na yule mama mzee akamwambia hakutaka kumvunja moyo. Mavyaa alinisimulia haya akicheka, lakini sauti ilimkatika mwishoni. "Laiti angecheka Ijumaa ya kwanza."

Baada ya hapo aliinuka, akaniambia, "Ndoo hapa," yaani njoo, akalishusha kopo la bekingi pauda lililokaa juu ya rafu karibu na dirisha la upande wa bahari. Akachota kijiko, akakitia ndani ya kikombe cha maji ya moto. Inapaswa kufoka povu jeupe kwa mlio. Ilizama kimya kama chokaa. Lilikuwa limefunguliwa muda mrefu, na unyevu wa bahari ulikuwa umeimaliza nguvu pole pole, kidogo leo kidogo kesho, kabla haijafika kwenye keki. Yeye hununua makopo madogo, huandika tarehe ya kufungua kwenye kifuniko, na lake huliweka kabatini. Lile la dirishani lilisahauliwa na wifi. Jambo la kijiko kimoja na maji ya moto, nami nilikuwa nimelisha punda keki nne.

Sitaki nieleweke kwamba kila kicheko ni chema. Niliwahi kuwa kwenye shughuli moja hapa mjini ambapo msichana alileta keki iliyopasuka, na wanawake wazima wakacheka, wakapitishiana macho, na hakuna aliyelipa wala aliyekula. Msichana aliichukua sahani yake mapema, akaondoka. Nilikuwa pale, nami sikusema kitu, na mpaka leo linaniuma. Nilipaswa kunyoosha mkono, nikate kipande, nikamsimulie habari ya punda. Sikumwona tena na sahani mkononi. Aliyefanya kicheko kile kiwe kibaya ni sisi tuliokaa tukiwa na hadithi zetu tumboni.

Kwa hiyo binti yangu nimemlea chini ya sheria ya dari. Sasa ana miaka 13 na ana haraka za kwangu. Mwezi uliopita alitaka kuwafanyia wazee vileja siku ya Ijumaa, mama yangu na ami, ambaye macho yamempungua lakini kahawa haijampungua. Akaona samli ghali, akapunguza. Akaona mayai yanamchafua mikono, akapunguza na hayo. Kileja kinatengenezwa kwa unga wa mchele, na unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano. Kinashikwa na samli, mayai na sukari tu, na ukivipunguza hakuna cha kukishika. Vilitoka oveni vizuri kwa macho, vyeupe, na alama ya uma juu. Akavipanga sahanini, akamwekea kila mzee sahani yake. Mama akakishika kimoja kwa vidole viwili, kikawa unga. Cha pili, unga. Akapapasa sahani, akasema pole pole, "Hivi si vileja, mjukuu wangu. Huu ni mchanga wa Shela."

Dari zima likacheka. Nilimtazama binti yangu nikaona midomo inamtetemeka, na kabla haijafika machoni mama alikuwa ameshainua mkono. "Ngoja, nalipa." Akaanza mpya, ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia katika miaka yangu yote, ya sambusa zilizofunuka ndani ya mafuta usiku wa kuamkia harusi ya dada yake, na binti yangu akasogea akakaa miguuni pake kwa sababu mama husimulia kwa sauti ya chini.

Mimi nililipa ya punda, ingawa ameisikia mara nyingi. Huidai hata nisipocheka.

Ami alikuwa wa mwisho. Alisema yake imekwisha, bahari ni ile ile na chumvi ni ile ile. Akapapasa mpaka akapata kijiko cha sukari, akachota kutoka sahani yake, akatia kinywani, akashushia kahawa. Kulikuwa na iliki ya kutosha na maji ya waridi ya kutosha, hayo hakuyapunguza. Ami akatafuna taratibu, akachota tena, kijiko kikagonga bati tupu.

"Mjukuu," akaita, akinyoosha sahani gizani. "Niongeze mchanga."